Kikohozi cha Wimbo wa Tatu

Bala, 3 Machi 2014

Mwanangu Heledd,

Hujambo huko Cardiff? Sisi wazima, mimi na ng'ombe. Goti linanisumbua, lakini hilo halikuanza leo.

Nina shida. Ile diski ya video ya tamasha la kwaya yetu kule Bangor inacheza kwenye televisheni tu, na televisheni siwezi kuibeba zizini. Nataka kusikiliza nikikamua. Nasikia nyinyi wenye kompyuta mnaweza kuchomoa sauti peke yake mkaacha picha. Basi nichomolee, uitie kwenye diski ya kawaida ya muziki, inayokubali kwenye redio yangu. Picha sina haja nazo. Nusu ya wale wanaume nimeshawazika, na marehemu mama yako haonekani, maana kamera ilitutazama sisi waimbaji tu.

Usikawie kama kawaida yako.

Baba yako

Cardiff, 19 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Goti limepata nafuu? Na unakula kitu chochote zaidi ya chai na mkate wa zabibu?

Diski yako hii hapa. Kompyuta iliisoma ile ya video, nikatoa sauti, nikaigawa wimbo kwa wimbo ili uruke usioupenda. Na nimekupa zawadi. Kile kikohozi cha wimbo wa tatu, pale mnaposhusha sauti mpaka kunakuwa kimya, nimekiondoa. Nimekata sekunde tisa, nikaunganisha, hata hutajua palipokatwa. Miaka kumi na moja umekilalamikia, sasa kimekwisha.

Mwanao Heledd

Bala, 24 Machi

Heledd,

Marahaba. Sauti imetoka safi mno, ng'ombe wamefurahi kuliko mimi.

Kirudishe.

Ndiyo, najua nilivyosema. Nilimgombeza mama yako garini, nawe ukisikia, tangu Bangor mpaka nyumbani, naye anajibu tu, "Samahani Idwal, ni mimi, koo liliniwasha." Nikamwambia kama hawezi kutulia dakika tatu, abaki nyumbani. Akabaki! Miaka yote iliyofuata, mpaka anafariki, hakuja tena kunisikiliza. Kila tamasha alinipigia shati pasi, akanifunga tai, akaishia mlangoni. Nami, mpumbavu, sikumwambia twende.

Sasa sina sauti yake mahali popote, hata kwenye simu. Nina kikohozi kile tu. Ndicho nilichokuwa nakitaka, mwanangu. Nyimbo nazijua. Niliona aibu kukuambia.

Baba

Bala, 22 Aprili

Mwanangu,

Salamu. Barua yangu ulipata? Kama ulikifuta kabisa, sema tu, sitagomba. Kimya chako kinanitia hofu.

Baba

Cardiff, 2 Mei

Baba,

Shikamoo. Siumwi. Ni woga tu.

Sikukifuta, diski ya video ninayo, nzima. Lakini aliyekohoa si Mama. Ni mimi. Nilikuwa na miaka kumi na mitano, nina mafua, Mama akasema nibaki, nikang'ang'ania kuja. Tulikaa mstari wa mbele, chini kabisa ya maikrofoni. Ulipoingia garini umekunja uso, Mama akanibana mkono nisiseme, akajibu yeye. Kesho yake nikataka kukuambia, akanizuia: "Achana nayo, atasahau."

Hukusahau. Kila ulipomwacha mlangoni nilikuwa nawaona, na nikanyamaza. Kwa hiyo ile haikuwa zawadi. Nilikata upesi upesi, hata kujisikiliza sikuweza. Nisamehe, Baba. Nilikunyima mke, naye nikamnyima nyimbo zako.

Nakutumia wimbo mzima, haujaguswa. Pole kwamba si yeye.

Mwanao, kama bado unanitaka,
Heledd

Bala, 9 Mei

Heledd mwanangu,

Marahaba. Sitakuficha, nilikasirika. Siku mbili sikuigusa hiyo diski. Leo asubuhi nikaiweka, nikazima mashine ya kukamulia nisikie vizuri.

Loo, ulikohoa kama mbwa wa jirani yetu Gwilym! Na mimi miaka yote nilikuwa naruka nikifika hapo, sikuwahi kusikiliza kinachofuata. Kuna kitu kinachakacha. Nikarudisha nyuma. Ni karatasi ya peremende, zile zake za mfuko wa koti. Halafu, chini ya sauti zetu, yeye mwenyewe, polepole kabisa:

"Haya, mumunya. Msikilize baba yako."

Nilikaa juu ya ndoo nikalia, Heledd. Alikuwa anamtuliza mtoto ili anisikie, nami nikamfukuza. Aliyeomba samahani ni yeye, na mwenye kosa ni mimi, wala si wewe mwenye mafua. Nimeirudisha tena na tena mpaka ng'ombe wakaanza kupiga kelele, wamechoka kusubiri.

Njoo Jumapili, tukae zizini, tumsikilize pamoja. Vaa koti zito, kuna baridi. Na ukikohoa, kohoa tu.

Baba yako