Sisi Huku Wazima

Ilomba, Mbeya
Jumanne, 3 Septemba 2024

Kwako baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini wewe na mama hamjambo, na kifua cha mama kimetulia. Mimi mzima, masomo tu ndiyo yananisonga.

Asante kwa kunisemea kwa wapanda miti wenzako. Programu iko tayari. Nikueleze tena usije ukakwama mbele ya kamati: kompyuta inatunga mipango mingi ya nani akae wapi kulinda miti. Kila mpango inaujaribu kwa moto na upepo usiotabirika. Mibovu inatupwa, mizuri inachanganywa izae mingine, na watoto wake wanabadilishwa kidogo. Ni kama mama anavyochagua mahindi ya mbegu, ila huku ni vizazi na vizazi kabla chai haijapoa.

Lakini haioni shamba, inaona unachoniandikia. Kila Jumapili niambie moshi ulitokea wapi, mliwahi au mlichelewa, na upepo ulikuwaje. Kwa sasa inasema mzee Sosthenes atoke bondeni aungane na wenzake barabara kuu, maana kumbukumbu mlizonipa zinaonyesha moto mwingi unaanzia huko.

Mwanao,
Devota


Mafinga
Jumapili, 15 Septemba 2024

Kwako mwanangu Devota,

Kamwene, mwanangu. Sisi huku wazima, tunamshukuru Mungu. Hofu ni kwako tu uliye mbali. Nimepanda kilimani kutafuta mtandao, kwa hiyo usinicheke nikiandika meseji ndefu kama barua.

Mpango wako unakwenda vizuri sana. Wiki iliyopita palitoka moshi kidogo, tukawahi, ukazimwa. Wiki hii pia salama. Sosthenes ananung'unika kwamba umemwondoa kwenye kivuli chake, lakini huyo hata ukimpa nyama atalalamikia mfupa. Katibu wetu Aroni anakutaja kila kikao. Leo kanisani mchungaji mwenyewe kaniuliza, "Yule binti wa kompyuta ni wako?" Nilijisikia raha, nisikufiche.

Baba yako,
Kalinga


Ilomba, Mbeya
Jumatatu, 7 Oktoba 2024

Kwako baba,

Shikamoo. Mama amefika salama? Nilifurahi mno kumwona.

Baba, sina raha. Mipango yote imefanana. Nilianza na mingi, kila mmoja na akili yake. Sasa ukifungua wowote, watu wote wako barabarani na bondeni hakuna hata mmoja. Hiyo hutokea mpango mmoja ukisifiwa kila wiki. Unazaa, wenzake wanakufa, na siku hali ikibadilika hakuna wa kuushika mkono. Nimeingiza mipango mipya ya kubahatisha, lakini taarifa zako zinaiua yote, kwa sababu kila wiki unaandika salama.

Halafu mama, tukiwa sokoni Mwanjelwa, akawa anakutafutia buti. Nikamuuliza zile za mwaka jana zina nini. Akasema soli zimeyeyuka. Jamani baba, soli haziyeyuki kwa moshi kidogo! Niambie ukweli. Nataka mabaya, ndiyo yanayoifundisha programu.

Mwanao mwenye wasiwasi,
Devota


Mafinga
Jumatano, 9 Oktoba 2024

Kwako Devota,

Kamwene. Sisi huku wazima.

Mama yako ana mdomo. Sikiliza, mwanangu. Mimi nimelelewa hivi: mtu aliye mbali huanzi kwa kumpa kilio. Hata bibi yako alipokuwa hoi kitandani, tulimwandikia shangazi yako kwamba hatujambo, kisha huko mbele ndiyo tukasema bibi anaumwa kidogo. Na ulitaka nisimame mbele ya kina Aroni niseme kompyuta ya binti yangu imechemka? Buti ni buti tu. Moto ulizimwa. Wewe soma, ya shamba tutayaweza.

Baba yako,
Kalinga


Ilomba, Mbeya
Jumamosi, 12 Oktoba 2024

Baba,

Shikamoo. Nisamehe, salamu nyingine baadaye. Utabiri unasema kuanzia kesho upepo utageuka, utavuma kutoka mtoni. Bondeni hakuna mtu! Mrudishe mzee Sosthenes leo, usiingoje programu. Programu inaamini ulichoiambia, na mimi siiamini tena. Nakusihi, baba yangu.

Devota


Ilomba, Mbeya
Jumatatu, 14 Oktoba 2024

Baba,

Nimepiga simu yako na ya mama, hakuna inayoita. Abiria walioshuka kwenye basi la Iringa wanasema wameona moshi mkubwa upande wa kwetu. Niandikie hata neno moja. Ila usiniandikie kwamba mko wazima kama hamko.

Mwanao


Mafinga
Jumatano, 16 Oktoba 2024

Devota,

Sisi huku si wazima.

Anayeandika ni jirani yetu Veneranda, kwa simu yake. Mikono yangu imefungwa bandeji. Ujumbe wako wa Jumamosi niliusoma. Nikasema nikimrudisha Sosthenes leo kamati itauliza kwa nini, afadhali nimrudishe Jumatatu kimyakimya. Jumapili tukiwa ibadani upepo ukageuka kama ulivyosema. Moto ukapanda kutoka mtoni na hakuna aliyeuona mpaka ulipofika kwenye miti. Miti ya bondeni imekwisha. Saulo, mtoto wa kaka yangu, aliingia na matawi kuuzima, ukamzunguka. Yuko hospitali, hajafumbua macho. Mama yako yuko naye.

Sasa ingiza haya. Ule moshi kidogo wa Septemba ulikuwa moto, na ulitoka bondeni. Tulichelewa, kwa sababu sote tulikuwa barabarani. Buti ziliyeyukia huko. Wiki iliyofuata ukatoka hapo hapo. Mwisho wa mwezi, tena. Kila mara nilikuandikia salama, kwa sababu nilitaka usifiwe. Usinionee huruma, weka yote, na la Saulo uliweke.

Ng'ambo ya mto bado kunafuka na upepo hautulii. Aroni yupo hapa. Sosthenes naye yupo. Wote wanakungoja wewe. Tuambie nani akae wapi.

Ni mimi baba yako,
Kalinga