Meza Mbili Mbweni

Jumatatu, 4 Agosti
Madaftari ya darasa la nne bado rundo. Nusu nimesahihisha, nusu nimeyatazama tu. Chai na viazi vitamu vya jana.

Mwanangu Neema kapiga simu nikiwa nakata kitunguu. Mume wake, Salim, anataka kunipeleka Mbweni Jumamosi, mgahawa wa ufukweni, tule samaki mchana. Nimesema nina kazi. Sina kazi.

Jumatano, 6 Agosti
Neema kaja mwenyewe Kimara. Hata maji hakugusa.

Salim anadhani namchukia. Mwaka mzima wa ndoa yao, kila akija namwandalia, namkaribisha, halafu naingia jikoni kula peke yangu. Kamwambia mkewe: "Mama yako ananiona najisi." Anadhani ni kwa kuwa yeye ni Mwislamu, Mwarabu wa madukani, na mimi ni mzee wa kanisa.

Nimeumia. Kwetu Musoma mama mkwe hali mbele ya mkwe wake wa kiume. Ni heshima, tena kubwa. Mama yangu kazikwa bila marehemu mume wangu kumwona akitafuna hata karanga. Nilidhani Neema anajua. Yeye alidhani napenda jikoni tu! Nimemlea mjini, sikumfundisha. Kosa langu.

Na hili sikulijua: Salim alifiwa na mama yake akiwa na miaka sita. Kwao watu hula sinia moja. Tangu hapo hajala sinia moja na mtu wa kumwita mama.

Nimemwomba Neema amweleze mumewe huo mwiko. Kagoma. "Mwambie mwenyewe, mama. Mie nikisema ataona nakutetea tu."

Basi nitakwenda.

Alhamisi, 7 Agosti
Nimempigia dada Nyangeta, Musoma. Shikamoo kaitikia vizuri, mengine yote vibaya. Kasema mkwe akishakuona unatafuna, huna tena cha kumficha, na asiyefichwa kitu haheshimu. Kasema mji umenilegeza.

Nimekasirika kutwa. Zaidi kwa sababu na mimi naamini hivyohivyo.

Ijumaa, 8 Agosti
Nanenane, hakuna shule. Nimefua mapazia. Katikati ya kufua nikapata akili: meza mbili! Nitampa Salim mgongo. Mwiko ni kuonana tukila, haukatazi ufukwe. Nimejipongeza mwenyewe kwa kipande cha muwa.

Jumamosi, 9 Agosti
Wamenifuata na gari. Salim anaendesha, nimekaa nyuma yake kabisa, tusionane hata kwenye kioo. Nimevaa kitenge kipya.

Mgahawa ni mzuri. Makuti, upepo, harufu ya mkaa na ndimu. Mimi mtu wa ziwani, samaki wa maji chumvi huwa nawadharau, lakini harufu ile ilinitoa mate. Nimemwambia mhudumu anitengee meza yangu nyuma ya wenzangu. Kanitazama kama nimetoroka mahali. Neema kakaa kati ili apitishe sahani. Salim uso ulimshuka.

Nikaongea nikiitazama bahari. Nikamwambia mkwe wangu, sikukimbii. Kwetu mtu tunayemthamini sana ndiye tusiyekula mbele yake. Ningekudharau ningekula nawe siku ya kwanza. Nilipaswa kukueleza mwaka mzima uliopita, unisamehe.

Nikasikia kiti kinaburutwa. Nikachungulia: Salim kageuka, na yeye kanipa mgongo. Nikashukuru Mungu. Kamba wakaja, pweza, wali wa nazi. Nikala kwa raha kabisa, nikajiona nina hekima.

Halafu nikageuza shingo kuomba ndimu, nikaona macho ya Neema. Sahani ya Salim ilikuwa haijaguswa.

"Heshima nimeipata, mama," akasema, bado kanipa mgongo. "Nashukuru sana. Ila njaa ya kula na wewe iko palepale."

Hakulalamika. Angelalamika ningebaki pale pale, najijua. Nilikaa na lile tonge mkononi mpaka likapoa. Nikamfikiria mtoto wa miaka sita. Nikamfikiria mama yangu, nikamwomba radhi. Kisha nikasimama, nikageuza kiti.

Mhudumu kaunganisha meza, kaleta sinia na samaki mzima wa kuchoma. Nikanawa. Tonge la kwanza lilikwama. La pili likapita. Baada ya hapo sikuhesabu. Salim alikuwa anacheka na kufuta macho, anasingizia pilipili.

Nimefurahi. Naandika wazi: nimefurahi.

Jumapili, 10 Agosti
Ibada ya kwanza. Jua la kawaida. Dada kapiga simu mchana.

"Ulikula?"

"Nilikula."

"Mbele yake?"

"Mbele yake."

Nikangoja matusi.

"Samaki gani?"

"Changu."

"Ana miiba?"

"Anayo. Salim alinitolea yote."