Taa Chini ya Mabenchi ya Boti Yako

Kaka Idi,

Shikamoo. Nimekaa na kalamu muda mrefu kabla ya kuandika neno hilo, kwa sababu lina jibu lake, na jibu silipati tena. Lakini sijui namna nyingine ya kuanza kuzungumza na wewe.

Mke wako hajambo. Zainabu bado anakaa eda, kwenye chumba chenu cha uani, na mimi ndiye ninayeingia na kutoka kwa niaba yake. Nikitoka ofisini nampitishia mboga, tunakaa, ananiuliza habari za ziwa kama mtu anavyouliza habari za mgonjwa. Upepo ulikuwaje? Boti imefunikwa? Ndege wamerudi?

Baada ya khitma yako, Baba mdogo alisema boti iuzwe. Aliyasema hayo sebuleni mbele ya wanaume, kwa upole, kama jambo lililokwisha: boti isiyo na mwenyewe itaozea ufukweni. Zainabu alikuwa nyuma ya pazia.  Jioni aliponishika mkono ndipo akaniambia kwamba anataka kuiendesha mwenyewe, kama alivyokuwa akiushika usukani siku ulizochoka. Kisha akavuta boksi kutoka chini ya kitanda. Zile taa za ukanda ulizonunua, zenye gundi nyuma, zilikuwa bado zimeviringishwa vilevile.

Nilikumbuka ulivyokuwa ukisema: "Watu hawaogopi maji. Wanaogopa kukanyaga pasipoonekana." Maharusi uliowatembeza ziwani walipenda kupigwa picha jua likizama, lakini kushuka ilikuwa kazi. Bibi harusi ananyanyua gauni, mtu anamulika kwa simu, kila mmoja anapapasa kwa mguu. Ulitaka mwanga ndani, chini ya mabenchi, usioumiza macho. Ulilalamika kichwa Ijumaa ile, ukalala usiamke, na kazi ikabaki hapo.

"Utazibandika wewe," Zainabu alisema.

Nilimwambia siwezi. Mimi ni karani, nabandika stempu.

"Najua. Wewe wifi yangu hata maji ya beseni la kufulia unayaogopa. Utazibandika hivyo hivyo ukiogopa."

Akanifundisha kwenye ukingo wa kitanda chenu, tukijifanya ni benchi. Kata kwenye alama ya mkasi tu, ukikata pahali pengine umekiua kipande. Usikunje kama karatasi, zungusha taratibu kwenye kona. Ncha zote zizibwe kwa silikoni. Waya upite juu ubavuni, mbali na maji yanayotuama chini, uje kwenye betri kupitia fyuzi. Nilirudia kila neno mpaka akaniambia ninyamaze, ninamchosha.

Boti ilikuwa imevutwa nchi kavu karibu na yale mawe makubwa. Niliiosha vizuri sana, kaka. Nilichota maji ziwani kwa ndoo, nikasugua kila benchi kwa chini, nikafuta, nikasubiri ikauke, nikabandika. Nilirudi nyumbani natembea kama mtu aliyefaulu mtihani. Kesho yake nilikuta taa zote zimeanguka, zimejikunja sakafuni.

"Uliosha kwa maji gani?" Zainabu aliuliza.

"Ya ziwa."

Alinitazama. Akaanza kucheka, mara ya kwanza tangu tukuzike, akacheka mpaka akaziba mdomo kwa kanga, na kicheko kikageuka katikati, tukawa tunalia wote wawili. Mtoto wa Singida, niliyekua naona chumvi ya Ziwa Singidani ikibaki nyeupe juu ya mawe, nimepaka benchi chumvi kisha nikataka gundi ishike.

Basi nikabeba madumu ya maji ya bomba kwa bodaboda. Kijana wa boda aliniuliza, "Dada, unapeleka maji ziwani? Yamekwisha?"  Niliosha upya, nikafuta kwa spiriti, nikalala chali sakafuni, mbao zikiwa karibu kugusa uso wangu, nikibana kila kipande kwa dole gumba. Huko chini nikaona alama zako za penseli. Ulikuwa umeshapima pa kukaa vishikizo vya taa vilivyokuja kwenye boksi. Nilizipitishia kidole moja moja. Halafu nikavifunga vishikizo palepale ulipoweka alama.

Ikabaki kuijaribu majini. Jioni wavuvi waliisukuma, mimi nimekaa ndani nimeshika benchi kwa mikono yote miwili. Maji yalikuwa ya magotini tu. Hilo nalijua, na halikunisaidia. Nilibonyeza swichi, sakafu yote ikaonekana, mpaka misumari yake. Nilikuwa bado naikagua Baba mdogo alipofika ufukweni na mgeni, mtu wa nje ya mkoa, aliyekuja kuiona boti.

Mgeni aliinama akatazama taa. Akasema, "Hii naichukua leo leo."

Kaka, sikuwa nimelifikiria hilo. Kila nilichobandika kwa ajili ya Zainabu kilikuwa kinamsaidia huyu kuichukua. Baba mdogo alifurahi. "Umefanya la maana, binti yangu. Teremka sasa."

Unajua sijawahi kumpinga. Hata ofisini nikionewa nasema sawa. Nilishika benchi tena kwa mikono yote miwili.

Nikasema, "Shikamoo Baba mdogo. Samahani. Haijauzwa."

"Nani kakwambia?"

"Mwenye haki nayo yuko ndani, anakaa eda. Hajaulizwa."

"Ataulizwa nini mjane? Teremka."

"Siteremki mpaka aulizwe."

Sauti yangu ilikuwa ndogo, lakini jioni ile upepo ulikuwa umetulia, na hata wavuvi waliisikia. Mgeni ndiye aliyerudi nyuma kwanza. Alisema kwao pia kuna eda, hakuelezwa kwamba mjane bado yumo. Baba mdogo alifuta viatu mchanga, akasema tutazungumza nyumbani. Tumezungumza. Amenigombeza mbele ya watu, lakini amekubali kusubiri mpaka eda iishe.

Zainabu hajui kama ataachiwa boti. Anahofia wazee watamzidi maneno siku hiyo ya kikao, na mimi nahofia zaidi yake. Siwezi kukuahidi kwamba boti itabaki, maana sina uwezo huo, na wewe hukupenda ahadi za kubahatisha. Nakuahidi hili ninaloliweza: siku akitoka eda, hakuna atakayetaja boti kabla yake. Nitakuwa nimekaa pembeni yake sebuleni, mbele ya pazia, si nyuma yake, na nitasema tena kama nilivyosema, hivyo hivyo nikiogopa.

Mungu akulaze pema, kaka yangu. Pumzika.

Mdogo wako,
Mwanaidi