Diski Niliyotoka Nayo Bujumbura

Rinkeby, Stockholm
Jumanne, 2 Machi 2010

Mama Rehema,

Diski iko hai. Amesema hivyo Mzee Kabongo, fundi wa redio na kompyuta anayeishi Tensta, leo saa tano asubuhi, akiwa ameinama juu ya meza yangu. Nilimwomba arudie, akarudia. Sasa hivi picha zinanakiliwa, mia tatu na kumi na nane kwa jumla, nami naandika pembeni ya mashine kwa sababu naogopa kuiacha peke yake.

Baada ya hilo ndipo nikusalimu. Assalamu alaykum. Kifua cha Rehema kimetulia? Mama bado anavimba miguu? Mimi mwili hauna tatizo. Kwenye simu Ijumaa uliniuliza mbona sauti yangu imebadilika, nikakujibu ni baridi. Haikuwa baridi.

Mwezi uliopita wakili aliniambia kwamba picha za harusi zinathibitisha harusi tu. Ofisi ya uhamiaji inataka kuona kuwa wewe na mimi tuliishi nyumba moja kabla sijaondoka. "Picha za kawaida," alisema. "Mnakula, mnafua, mmenuniana." Za karatasi zilibaki Buyenzi, kwetu Bujumbura, na nyumba ile haipo tena. Zilizobaki ni zile za kwenye diski niliyoichomoa kwenye kompyuta yangu ya kazini siku ya kuondoka, nikaificha ndani ya soksi. Nakala nyingine hakuna. Bila picha hizo utaingia kwenye mahojiano pale ubalozini Dar ukiwa na maneno yako na yangu, basi.

Duka moja la mjini lilitaka kukaa na diski wiki mbili bila kuahidi chochote. Nikakataa. Miaka kumi na minne ya kazi ya redio sikumkabidhi mtu kanda yangu ya asili, na siwezi kuanza sasa. Nikanunua vipande vya kompyuta kimoja kimoja, pamoja na bodi yenye nafasi ya ule waya mpana wa zamani unaotakiwa na diski hii, nikaamua kuiunga mwenyewe. Sijawahi kufanya kazi hiyo maishani. Nilikuwa na bisibisi, kamusi ya Kiswidi na karatasi ya maelekezo.

Karatasi hiyo ndiyo iliyoanza kunitisha. Hewa ya huku wakati wa baridi ni kavu mno. Ukivua sweta halafu ukashika kitasa cha mlango, unapigwa shoti ndogo. Maelekezo yanasema shoti hiyo hiyo inaweza kuua bodi bila wewe kuona dalili yoyote. Kwa hiyo kila nilipotaka kugusa kipande niligusa kwanza bomba la joto chini ya dirisha. Nilifanya kazi nimevaa fulana tu, na jasho likanitoka.

Jumapili saa nane mchana nilibonyeza kitufe cha kuiwasha kwa mara ya kwanza. Feni likazunguka kidogo, likasimama. Kimya. Unanijua: niliwahi kusoma habari huku risasi zinalia nyuma ya studio, na sauti haikuyumba. Jumapili bisibisi iliniteleza ikachora bodi. Nilikagua waya mmoja mmoja nikakuta mwingine mdogo wa umeme, wa karibu na prosesa, ule ubongo wa mashine, sijauchomeka. Nikauchomeka. Mashine ikaanza kupiga mlio, mlio mrefu, ikipumzika na kurudia. Hapo ilikuwa memori haijakaa vizuri; nilikuwa naogopa kuisukuma isije ikavunjika. Nikaisukuma hadi ikalia kach. Ikawaka.

Dakika nne na sekunde kumi baadaye ikajizima yenyewe.

Nikaiwasha tena, ikadumu dakika tatu. Mara ya tatu, dakika mbili na nusu. Baadaye nikajaribu ya nne, nayo ikazimika. Kila ilipozimika, diski ilitoa mlio mkavu, kama mtu anayegonga jino kwa ukucha. Niliamini inakufa, na kwamba ni mimi ninayeiua kwa kuiwasha. Nikachomoa umeme. Kwa mazoea nilikuwa nimeandika kwenye daftari saa za kuwaka na za kuzimika. Sikuweza kula siku hiyo. Jana nilikwenda kazini nikarudi bila kuigusa. Kitu kimoja tu kilikuwa kichwani: nitakuambiaje.

Leo asubuhi nilimwita Mzee Kabongo. Ni Mkongo wa Bukavu, mtu wa makamo, hana haraka. Hakuigusa mashine. Aliomba daftari.

"Hapa, kati ya hii ya tatu na hii ya ine, uliipumzisha?"

"Saa nzima. Nilikwenda kuswali na kulala chini."

"Na kisha ikadumu dakika ine tena. Voilà. Ikiwa moto inakufa mbio, ikipoa inadumu. Hii si diski, ndugu yangu. Hii ni joto."

Akafungua skrubu za lile feni kubwa lililokaa juu ya prosesa, akaling'oa, akaligeuza. Chini yake, mahali chuma kinapotakiwa kugusana na prosesa, palikuwa na nailoni. Nailoni nyembamba, inayong'aa, imekunjamana kwa moto.

"Bwana mwandishi, hii nailoni uliiacha juu ya nini, sababu gani?"

"Feni ni jipya," nikamjibu. "Nilililinda lisichubuke."

Alinitazama, kisha akavua miwani na kucheka hadi akashika meza. Mama Rehema, niliiona ile nailoni siku ya kwanza. Niliilainisha kwa kidole gumba ikae vizuri, kama Mama anavyolainisha ile ya kwenye viti vya sebuleni, ambayo tangu tuoane hajaruhusu mtu aitoe.

"Usione haya," akasema. "Mke wangu kule Tensta, televisheni ina miaka mitano na karatasi yake iko palepale. Watoto wanalalamika kwa Kiswidi, yeye anajifanya hasikii."

Akaibandua, akasafisha kwa spiriti, akapaka dawa ya kupitisha joto, akalirudisha feni. Mashine imefika sasa saa moja na dakika ishirini bila kuzimika. Lakini hofu haijaondoka. Ilipofika picha ya tisini na saba ilikwama, diski ikaanza ule mlio wake. Nilinyoosha mkono kuizima. Kabongo akanishika kiganja. "Iache." Tulikaa hivyo dakika sita, kwa saa yangu. Kisha ikaendelea.

Nimemaliza kunywa chai na zimekamilika. Mbili hazifunguki. Mia tatu na kumi na sita zinafunguka. Nimefungua kila moja. Nimeweka nakala kwenye flashi mbili, moja iko mfukoni mwangu.

Nyingine utaikuta kwenye bahasha hii, pamoja na picha ishirini nitakazosafisha kesho kwenye karatasi. Anaileta Mama Neema, yule Mtanzania wa Vårby gård anayelea wazee. Anaruka Alhamisi. Nitakutumia ujumbe wa simu: ukishuka basi Dar Jumamosi tarehe 13, pitia kwa dada yake Temeke uichukue.

Mpe Mama shikamoo yangu. Msalimie kaka yako Hamisi, mwambie nashukuru kwa kukusindikiza safari yote hiyo. Rehema mwambie nimeona picha yake akiwa hana jino hata moja.

Limebaki jambo moja. Picha ya arobaini na moja uliniambia niifute, sikuifuta. Umelala na malaria, kichwa wazi, nywele zimevurugika, na mimi niko mlangoni nimeshika sufuria ya uji. Ni mdogo wangu aliyetupiga picha. Jioni hii wakili amezitazama hizo ishirini kwa barua pepe akasema hiyo ndiyo yenye nguvu kuliko nyingine. Watu usiowajua wataitazama. Sijamruhusu kuiwasilisha. Iangalie kwanza.

Nitakupigia Jumapili tarehe 14, saa kumi alasiri ya huko. Utaniambia ndiyo au hapana. Wakili anawasilisha Jumatatu asubuhi, na wewe unaingia ubalozini Jumanne saa tatu.

Mumeo,
Baba Rehema