Kipele cha Unyayoni

Mke wangu,

Nimefurahi kusikia mwanetu mchanga ameongezeka nusu kilo. Huku wodi ya kutengwa, kila asubuhi napima vipele kwa rula na kuandika kwenye shajara. Daktari anasema kirusi hiki cha jamii ya ndui kina jeni ya ukuaji inayofanana na yetu. Kinaiamuru ngozi ikue ili kipate pa kukaa. "Nacho kinalea familia, baba," alinitania.

Juzi kigaga cha mwisho kilibanduka, nikaahidiwa kurudi nyumbani Jumamosi. Leo nimeona kipele kipya unyayoni, milimita mbili. Soksi ingekificha. Nimemwita muuguzi.

Kwa hiyo msinisubiri. Karatasi hii haitoki humu, isije ikawabebea ugonjwa. Muuguzi ataipiga picha kupitia kioo akutumie. Mpime mtoto urefu, uniambie, nami niandike shajarani kitu kingine kinachokua.

Baba yake, ambaye hajamwona bado