Kijiji Kisichokupa Hata Kura Moja

Baba yangu, afande wa nyumba yetu,

Nakuandikia kutoka Nabuyonga, kwenye meza uliyoipigilia misumari mwenyewe, ambayo mguu wake mmoja bado ni mfupi. Hukuwahi kukubali kwamba ni mfupi. Ulisema sakafu ndiyo mbaya. Mama amejilaza, magoti yanamsumbua, na mimi nimeona niandike sasa kabla sijajitafutia kisingizio kingine. Mwaka mzima umepita tangu tukuzike, na kuna jambo nilipaswa kukuambia ulipokuwa hai. Nilikuficha kitu siku ya mkutano wa wagombea, na uliondoka duniani ukiamini uongo kwa sababu yangu. Nimeliandika haraka ili nisilikimbie. Sasa nipe nafasi nianze mbali kidogo.

Unakumbuka nyumba zetu za askari jela kule Jinja? Wewe mtu wa kaskazini, Mama Mgisu wa huku mlimani, jirani wa kulia Mteso, wa kushoto katoka ng'ambo ya Nile, na hakuna aliyejua lugha ya mwenzake. Kwa hiyo sisi watoto tulikua na Kiswahili chenu cha kambini, kile cha kukata kata, na shuleni wenzetu wakatuita watoto wa majeshi. Ulipotupeleka kuuangalia mto Jumapili, ulituhesabu kabla ya kutoka na ukatuhesabu tena tukirudi. Mama alikuambia, "Hawa si wafungwa wako." Ukajibu, "Mfungwa akipotea napata barua ya onyo. Mtoto akipotea nakupata wewe." Tulicheka mpaka mlangoni.

Ulipostaafu tukahamia huku Mbale, nyumbani kwa kina Mama, na watu wa Nabuyonga wakakupenda upesi kuliko tulivyotarajia. Uliamua ugomvi wa bomba la maji, ukapanga zamu za kufagia mtaro, ukawasalimia wote kwa sauti ile ya kuamsha wafu. Walipotaka mwenyekiti wa baraza la mtaa, wakakusimamisha. Siku zile tulikuwa tunachagua kwa mlolongo: mgombea anasimama mbele uwanjani, na anayemtaka anajipanga nyuma yake, jua linawawakia wote, kila mtu anamwona kila mtu. Mstari wako ulikunja kona. Hukuweza kujizuia, ukageuka ukaanza kuuhesabu, watano watano, kidole hewani. Fundi cherehani wa pale kona akakuambia, "Afande, we angalia mbele tu. Sisi hapana toroka." Uwanja mzima ukaangua kicheko, na wewe zaidi yao. Sijakuona tena na furaha ya namna ile.

Nadhani mstari huo ndio uliokudanganya. Mwaka wa tisini na nne, walipochaguliwa wajumbe wa kutunga katiba, ulikwenda kusikiliza tu, ukarudi ukisema wote wanaongea kama watoto waliokariri. Ilipofika tisini na sita na jimbo letu likatafuta mbunge, ukatangaza mezani kwamba utasimama. Mama aliweka kijiko chini. Alikuuliza mtu wa kaskazini, askari jela, asiyeweza hata kuomba chumvi kwa Lumasaba, lugha ya Wagisu, atawaambia nini watu wa mlimani. Mjini ungeeleweka, lakini jimbo lilipanda mpaka kwenye mashamba ya kahawa, na kule Kiswahili ni lugha ya wanajeshi waliowagongea milango miaka ile mibaya. Wewe ukanitazama mimi. "Mkalimani niko naye," ukasema. Nilikuwa mwalimu wa msingi, sijaolewa, na sijawahi kuhisi nina thamani kama jioni ile.

Mikutano ilikuwa ya wagombea wote pamoja, maana hakuna aliyeruhusiwa kufanya wake peke yake. Mlipanda lori moja, wanne, mkakaa benchi moja mkitaniana kwa adabu kama wanafunzi wanaomwogopa mwalimu. Kila mmoja alipewa dakika zilezile, na afisa wa uchaguzi akashika saa. Hotuba yako niliijua yote: maji, zahanati, barabara, bei ya kahawa. Mara nyingine nilikutangulia kuimaliza, ukanigeukia mbele ya watu ukasema, "Mama, ngoja basi, mi bado kusema." Uliniita mama kwa sababu nina jina la mama yako. Watu walipenda sana utani huo. Palikuwa na vijiji vilivyokushangilia kuliko mzaliwa wa huko.

Halafu tukafika kijiji kile. Sikitaji jina, unakijua. Afisa alisimama akataja kijiji na kata yake, kama alivyofanya kila mahali, na wewe ukashtuka kwenye benchi. "Amesema wapi?" ukaniuliza. Nikakutajia tena. Zamu yako ilipofika uliikunja ile karatasi ya hotuba ukaitia mfukoni, ukavua kofia, ukasimama mbele yao mikono ikiwa chini. Mimi nikasimama kushoto kwako kama kawaida, nikijua tunaanza na maji; wenzako benchini walishaichoka hotuba yako, wakawa wakizungumza yao.

Ukasema, "Mimi nilikuwa askari jela." Ukaningoja. Ukasema, "Wakati ule mbaya, vijana wa hapa walikuwa ndani, kwa gereza yangu. Niliona kijiji yao kwa kitabu." Ukaningoja tena. "Jeshi walikuja na karatasi. Mimi ndiyo nilisoma majina, mimi ndiyo nilifungua mlango. Hao vijana hawakurudi." Na mwisho ukasema, polepole, "Hapa sikuja kuomba kura. Mimi naomba msamaha."

Baba, sikufikisha hata neno moja. Kila uliponiachia nafasi, nilitia langu. Nilisema baba amelitumikia taifa miaka mingi. Nilisema anazijua shida zenu. Nilisema akipita, bomba litafika mpaka hapa, mama zetu wasishuke tena bondeni na mitungi. Nilijiambia nakuokoa. Niliwaona wanaume wameshika mapanga ya shambani, nikaona lori liko mbali, nikaona damu yako kabla haijamwagika. Hiyo ni kweli. Lakini nikikuandikia nusu ya kweli leo nitakuwa nimerudia kosa, basi nikuambie na nusu nyingine: nilitaka tushinde. Nilishajiona nikitembea Kampala, binti wa mheshimiwa. Na wewe ulikuwa unataka kuyatupa yote hayo mbele ya watu kwa sababu ya jambo ambalo hakuna aliyekuuliza.

Waliposikia habari ya bomba, wakapiga makofi. Ulikuwa umetoka tu kuomba msamaha, ukasikia makofi. Ukafunika uso na kofia. Nilidhani ni jasho. Kwenye lori ulinishika mkono toka kule juu mpaka tulipouona mnara wa saa wa mjini, na kitu pekee ulichosema ni, "Mama, umesikia? Wamepiga makofi." Nikajibu ndiyo, nimesikia.

Wiki zilizofuata ulikuwa mtu mwingine. Ulilala usingizi mzito, ulimsimulia Mama habari za gerezani ambazo hukuwahi kuzisimulia, ulichemsha chai mwenyewe ukaniletea. Mama hakujua nilichokifanya, alidhani umesema na umesikika, akamshukuru Mungu. Mimi nilikutazama nikajipongeza. Nilijiuliza, kuna ubaya gani? Amepata alichokitaka, na sisi tuko salama.

Kura ilikuwa ya siri. Hakuna mstari, hakuna mgongo wa mtu wala uso. Ulishika nafasi ya tatu kati ya wanne, na watu walipokuja kukupa pole ukawatania wewe. Kushindwa hakukukaa moyoni. Ila ulimvuta wakala wako pembeni, mimi nikiwa karibu na birika la chai, ukamuuliza kijiji kile kimekupa ngapi.

"Hakuna, afande."

"Hata moja?"

"Hata moja."

Ulikaa kwenye kiti hiki ninachokikalia sasa. Ukasema, "Basi. Makofi ilikuwa ya heshima tu. Kweli iko kwa sanduku." Ukaongeza kwamba ingekuwa mlolongo, ungegeuka ukawaona usoni na ungejua mapema. Nilimimina chai, ikamwagika mezani, nikasema kikombe ni cha moto.

Kuanzia hapo ulianza kuondoka, Baba, ingawa ilikuchukua miaka miwili kufika. Uliacha uenyekiti. Ukaacha kusalimia kwa kelele. Daktari alitaja moyo na alitaja presha, nasi tukanunua dawa na kukunyima chumvi. Siku tatu kabla hujafariki, pale wodini, ulifumbua macho ukaniambia, "Wale watu walikuwa na haki." Nilikuwa nimeshika kikombe cha uji. Mlango ulikuwa wazi, hakuna mtu mwingine karibu, na sentensi yenyewe ilikuwa fupi: hawakukusikia, Baba, ni mimi. Ningeisema kwa pumzi moja. Nikasema, "Kunywa uji, Baba, unapoa." Nikakushika kichwa, ukanywa.

Ningeinyamazia mpaka na mimi nizikwe. Lakini mwezi uliopita nilikwenda kwenye maduka ya jumla kuchukua chaki za shule, na mwanamume mmoja aliyekuwa akipakia magunia kwenye lori la Kenya akanisimamisha. Mtu mzima, mvi kidogo, mgongo mpana.

"Si we ndiyo mtoto wa Afande? Ulikuwa natafsiri?"

Nikamwambia ndiye mimi, na kwamba mzee amekufa. Akanipa pole.

"Mi nataka kukuuliza kitu. Ile siku nilikuwa pale. Swahili mi najua, kazi yangu iko na madereva wa Kenya. Nilisikia mzee nasema ya jela. Nikasikia we nasema ya maji. Nikasema, kumbe hawa watu wamepanga. Mzee naomba msamaha kwa Swahili ili Mungu asikie, sisi hapana sikia. Ndugu yangu alikuwa kwa hiyo karatasi, dada. Nilizunguka nyumba yote, nikaambia watu: huyu mzee hata kura moja asipate. Sababu mi hapana sema, mama yangu asijue."

Nilimweleza palepale, watu wakipita na mizigo. Sikujitetea. Alilishusha gunia alilokuwa nalo begani.

"Yeye hakujua?"

"Hakujua."

"Mpaka alikufa?"

"Mpaka alikufa."

Alijifuta uso kwa kiganja. Hakunitukana, na afadhali angenitukana. Alisema tu, "Kuja uambie mama yangu."

Nilipanda Jumapili iliyofuata, baada ya sala. Mama yake alikuwa ameketi nje juu ya mkeka, bibi mdogo wa umbo, miguu imenyooka mbele, na majirani kama wanane wamemzunguka. Nilisimama na maneno yako, Baba. Nilikuwa nimeyahifadhi yote, hakuna hata moja lililodondoka. Niliyasema kwa Lumasaba, moja moja, nikiachia nafasi kati yake kama ulivyoniachia. Alikuwa askari jela. Aliliona jina la kijiji kwenye kitabu. Alisoma majina, alifungua mlango. Hakuja kuomba kura. Anaomba msamaha. Nikaongeza la kwangu, kwamba niliyewazuia wasimsikie ni mimi, na kwamba alikufa akidhani wamemkatalia. Hakuna aliyepiga makofi.

Bibi aliniomba nirudie pale pa kusoma majina. Nikarudia. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeuliza njia: Alipoliita jina la mwanangu, mtoto aliitika vipi? Alikuwa mzima? Aliweza kutembea mwenyewe? Alikuwa amevaa shati, maana alikuwa mtu wa kusikia baridi?

Nikasema sijui.

Akasema amewauliza maafisa, amewauliza mapadri, amekwenda mjini kwa miguu mara nyingi asizokumbuka, na hajapata kukutana na mtu aliyekuwepo pale mlangoni. Akasema siku ya ule mkutano alikuwa amekaa mstari wa mbele kabisa, kwa sababu ya masikio yake. Msamaha, akasema, angeufikiria baadaye. Lakini angejua kwamba wewe ndiye, angeinuka akushike mkono akuulize.

Ulikuwa na jibu, Baba. Ulisimama hatua chache mbele yake ukiwa nalo, umevua kofia, na mimi nilikuwa katikati yenu nikiahidi maji.

Nisamehe ukiweza. Yeye bado anangoja, na sina la kumpelekea.

Binti yako,
uliyemwamini akusemee.