Mwizi Wangu na Picha ya Mama

Shoga, nifiche. Leo sina uso.

Unalikumbuka lile gari la kuchezea la bati, la kale, nililonunua mtandaoni, lile jekundu? Si nilikuambia muuzaji kanitapeli? Basi asubuhi nimempa nyota moja, nikaandika watu wote wasome: "Mwizi wa mchana kweupe. Mzigo haujafika na hautafika."

MWIZI, shoga. Kwa mkono wangu huu.

Akajibu palepale chini, bila tusi hata moja: "Dada, mzigo niliuleta mwenyewe. Picha hii hapa."

Nafungua picha, namwona mama yangu! Mama yangu mzazi, mlangoni kwetu, kalikumbatia boksi, anacheka mpaka pengo linaonekana.

Nikamkimbilia jikoni. "Mama, kuna mzigo wangu ulikuja?"

"Eee, ule? Nimeuweka juu ya kabati usije ukakanyagwa. Nilipitiwa tu, mwanangu."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Na watu wameshaanza kuniuliza huko chini, "Mwizi ni nani sasa?"

Nimefuta maneno yangu, nikampigia muuzaji kumwomba radhi. Nilijiandaa kutukanwa. Bora angenitukana!

Akasema, "Yameisha, dada. Mama hajambo? Siku ile alikuwa anachechemea, ikabidi nimshike mkono kumrudisha kwenye kiti. Mpelekeni hospitali, mguu ule umevimba."

Shoga, mimi naishi naye nyumba moja. Sikuwa nimeuona.